Nimemtengenezea Shangazi Wakala... Yaliyonikuta

Najua nimepotea. Wiki ya nne hii sijaandika kitu, na wengine mmeshaanza kuniuliza kwa meseji kama nimedisco au nimeoa. Hapana jamani, niko TP. Chuo kimetutawanya kama mbegu, na mimi nikajipangia nyumbani Tanga, hapa Chumbageni kwa shangazi, maana bumu lenyewe mnalijua, ukipanga chumba wakati wa TP ujue hujala. Asubuhi nafunga tai nakwenda kufundisha Jiografia kidato cha pili, jioni narudi barazani na laptopu yangu ile ile iliyong'oka herufi N.

Sasa kuna swali moja mmenitumia watu wanne tofauti, wote wa hosteli yetu, sijui mliambizana: "Mwana, kati ya Zapier, Make na n8n, ipi nitumie kutengeneza wakala wa akili mnemba?" Nilitaka kujibu kwa mistari mitatu nikalale. Lakini wiki mbili zilizopita limenikuta jambo, na nikijibu bila kulisema nitakuwa nimewadanganya. Kwa hiyo chukueni chai, hii ni ndefu kidogo.

Tuanze na shangazi. Shangazi yangu anapika. Siyo mgahawa, anapika nyumbani kwa oda: sambusa, katlesi, kachori, visheti, mkate wa kumimina, na ikija shughuli kubwa, pilau la sufuria. Wateja wake wako hapa Chumbageni, Bombo, Raskazone, mpaka Makorora na Sahare. Oda karibu zote zinaingia WhatsApp, na nyingi ni sauti. Watu wa Tanga hawaandiki, wanaongea! Ramadhani iliyopita alisahau oda ya katlesi 80 za futari, kwa sababu ilikuwa ndani ya sauti ya dakika tatu iliyoanza na hali ya mgonjwa, ikapita kwenye bei ya nazi, ikageuka kumsema jirani, oda yenyewe ikaja mwishoni kabisa. Shangazi alishaizima zamani, mikono ina unga.

Nikamwambia, "Shangazi, mimi nitakutengenezea wakala."

Akanitazama. "Wakala wa nini, wa kutoa na kuweka? Hapo kona wapo watatu."

Ilinichukua nusu saa kumweleza kwamba wakala ninayemsema mimi hana kibanda wala mwavuli. Ni programu inayosikiliza ujumbe, inaelewa mteja anataka nini, inaandika kwenye daftari la kompyuta na inajibu. Akasema haya, ilimradi isimguse pesa.

Kwa ambao mko kozi nyingine na hamjui tunaongea nini: haya majukwaa kazi yake ni kuunganisha programu zisizojuana. Barua ikiingia hapa, mstari uandikwe kule, ujumbe uende pale, na wewe unachora tu mtiririko kwa kuburuta vijisanduku, bila kuandika kodi. Miaka hii miwili mitatu yote yameongeza akili mnemba ndani, ndiyo maana kila mtu mtandaoni anajiita mtengeneza mawakala, hata jamaa yetu yule aliyepata supu ya kompyuta mwaka wa kwanza. Hehehe.

Nilianza na Zapier kwa sababu ndiyo kongwe. Ilianzishwa 2011 kule Missouri, Marekani, na ina programu zaidi ya 8,000 zilizokwisha kuunganishwa. Kusema kweli ni rahisi. Ukijua kujaza fomu ya mkopo ya bodi, Zapier utaiweza, tena fomu ya bodi ni ngumu zaidi. Shida ni mahesabu. Zapier inahesabu kila kitendo kinachofanyika. Oda moja ya shangazi kwa mpango wangu ilikuwa na vitendo vitano: geuza sauti kuwa maandishi, toa jina na bidhaa, andika kwenye jedwali, mjibu mteja, mjulishe shangazi. Bure wanakupa vitendo 100 kwa mwezi. Yaani oda 20 na mwezi umekwisha! Na hata hizo 20 sikuzifikia, maana kwenye bure mtiririko unaruhusiwa hatua mbili tu, ya kuanzia na ya kufuata. Nilipotaka hatua ya tatu nikaambiwa nilipe, karibu dola 20 kwa mwezi, tena ukilipia mwaka mzima kwa mpigo. Kwa pesa yetu inakaribia elfu hamsini. Nilimtajia shangazi hiyo elfu hamsini, akarudi jikoni bila kusema neno.

Nikahamia Make. Hii ni ya Prague, zamani ikiitwa Integromat, ilinunuliwa na kampuni ya Kijerumani ya Celonis 2020 na ikabadilishwa jina 2022. Make inapendeza macho, acha niseme ukweli. Vijiduara vya rangi vimeunganishwa kama shanga, na ukiendesha unaona data inavyopita toka kimoja hadi kingine. Kama mwalimu mtarajiwa nasema hii ndiyo ya kumfundishia mtu ambaye hajawahi kabisa, kwa sababu anaona kosa liko kwenye kiduara gani. Bure unapewa 1,000 kwa mwezi (tangu Agosti 2025 wanaziita krediti), na unaruhusiwa mitiririko miwili inayofanya kazi. Elfu moja! Nikaona nimefika.

Hapa sasa ndipo nilipojifanya mjuaji. Nilikuwa nimetengeneza fomu ya Google, wateja waijaze, na nikaiambia Make ikaangalie fomu kila baada ya dakika 15. Sikusoma kwamba kule kwenda kuangalia tu nako kunahesabiwa, hata ikikuta patupu. Fanya hesabu: saa 24, kila saa mara nne, ni mara 96 kwa siku. Siku kumi ni 960. Siku ya kumi na moja krediti zikaisha, na fomu zilizojazwa na wateja muda wote huo zilikuwa saba! Kosa langu kabisa, ilitakiwa nitumie njia ile ambayo fomu yenyewe inabisha hodi ikishajazwa. Zapier haikutozi kwa kuchungulia, Make inakutoza, na hiyo tofauti peke yake ingetosha kuandikwa kwa wino mwekundu. Na somo lingine nililopata hapo ni kwamba hakuna mtu Chumbageni atakayejaza fomu ili ale sambusa. Mteja mmoja alimpigia shangazi kumuuliza kama ameajiriwa serikalini.

Basi ikabaki n8n. Inasomwa "en-eit-en", ilianzishwa Berlin 2019 na jamaa anaitwa Jan Oberhauser. Kodi yake iko wazi, unaweza kuiweka kwenye mashine yako mwenyewe na kuitumia kwa shughuli zako bila kulipa senti. Unachokatazwa ni kuichukua na kuiuza kama huduma yako, ndiyo maana wale wenye msimamo mkali wa programu huria wanakataa kuiita huria. Ukitaka ya kwao ya mtandaoni unalipa, ila wao wanahesabu safari nzima kuwa moja, hata kama ndani yake kuna hatua 30. Kwa mtu mwenye mtiririko mrefu hiyo ni tofauti ya usiku na mchana.

Nikaiweka kwenye laptopu. Mtihani wa kwanza: laptopu yangu ina RAM ya GB 4, kwa hiyo n8n ikiwaka, kivinjari kinaanza kuhema. Mtihani wa pili: WhatsApp inapopokea ujumbe lazima ijue pa kuupeleka, na laptopu iliyo chumbani kwa shangazi haina anwani huko duniani. Kuna huduma za bure zinazokutobolea njia, lakini hiyo ya bure niliyotumia ilinipa anwani mpya kila laptopu ilipozimika, ikabidi nirudi kuibadilisha kwa mkono. Mtihani wa tatu mnaujua: LUKU. Umeme ukiisha saa tano usiku, wakala naye kalala.

Mwisho tukachanga na mshkaji mmoja (anajijua) tukakodi seva ndogo ya dola 5 kwa mwezi, tukalipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu. Hapo n8n ikatulia. Kumbukeni tu kwamba seva iko ng'ambo. Zile nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika tarehe 12 Mei 2024 wote tulikuwa tunatazamana, na intaneti ilipozimwa nchi nzima kuanzia 29 Oktoba 2025, uwe na Zapier, Make au n8n ya seva, wote mngekuwa ndugu. Daftari la shangazi la karatasi lilikuwa linafanya kazi siku hizo zote, nalitaja kwa haki yake.

Kuunganisha WhatsApp nako ni kazi. Siyo ile apu ya biashara ya kawaida, ni mlango wa Meta wa watengeneza programu, na unahitaji namba. Tukanunua laini mpya, shangazi akaweka kidole, ikasajiliwa kwa NIDA yake. Habari njema ni kwamba mteja akikuandikia yeye mwenyewe, kumjibu ndani ya saa 24 hulipii. Habari nyingine, ambayo naomba muishike kwa sababu itarudi: namba jinsi nilivyoiunganisha mimi haikai tena kwenye apu ya simu. Ujumbe ukiingia simu ya shangazi hailii. Unaingia kwenye seva, basi.

Kabla sijaendelea, kuna kitu watu wanachanganya. Mtiririko wa kawaida ni kama kengele ya shule. Saa mbili kamili inalia, haijali kama mwalimu amefika au mvua inanyesha. Wakala ni kama kiranja uliyemwachia darasa: umempa maelekezo, umempa chaki na orodha ya majina, halafu yeye ndiye anaamua nani aandikwe. Kwenye n8n unaiona wazi hiyo. Kuna nodi ya wakala, chini yake unaning'iniza modeli ya lugha, kumbukumbu, na zana anazoruhusiwa kushika. Mimi nilimpa zana mbili, jedwali la Google Sheets na orodha ya bei. Na maelekezo nikayaandika kama andalio la somo, kwa Kiswahili, kipengele kwa kipengele. Nilijisikia fundi kweli.

Siku tatu za kwanza raha tupu. Kiswahili anakielewa, hata "buku mbili jero" aliandika 2,500 sawasawa. Siku ya nne shangazi akafungua jedwali kwenye simu yake, akakunja uso.

"Mwanangu, hii maulidi ya Raskazone umeandika Ijumaa saa nane usiku?"

Nikatazama. Wakala ameandika Ijumaa 02:00. Mteja alisema "usiku wa Ijumaa, saa mbili". Wadau wa bara mnisikilize: huku pwani usiku wa Ijumaa ni ule wa kuamkia Ijumaa, yaani Alhamisi jua likishazama. Na saa mbili usiku ni 20:00. Kwa hiyo alikosea siku na saa kwa mpigo, sambusa 150 zingefika watu wameshasoma, wamekula vya wenzao, wameondoka. Sikuweza kumlaumu sana, hata wewe wa Dodoma ungekosea.

Hapo nikajifunza kitu ambacho hakuna video ya YouTube iliyoniambia: kazi yenye kanuni usimpe wakala. Nikazitoa saa mikononi mwake. Yeye anachukua namba na neno linalofuata, hatua ya kawaida ndiyo inapiga hesabu. Asubuhi, mchana na jioni unajumlisha 6. Usiku na alfajiri unajumlisha 18, ikifika 24 au kuzidi unatoa 24. Jaribuni, inakubali, isipokuwa saa kumi na mbili asubuhi ambayo ilinikesha mpaka nikaiandikia sheria yake peke yake. "Mtondo" na "mtondogoo" nikaziweka pia, maana wateja wazee wa shangazi wanazitumia kama kawaida. Kwenye Make ningeweza kufanya vivyo hivyo kwa fomula, Zapier nayo ina hatua ya kodi, ila kwenye n8n nilijisikia huru zaidi kwa sababu hakuna mita inayozunguka kila ninapojaribu na kukosea. Na mimi nakosea sana.

Basi bwana. Sasa nifike kwenye lenyewe.

Ilikuwa Jumanne. Supavaiza kutoka chuoni alikuwa anakuja kunikagua kipindi cha tatu, nimekesha na zana za kufundishia, ramani nimechora kwenye boksi la sabuni. Simu nimezima tangu asubuhi. Shangazi alikuwa jikoni na mahamri ya shule. Wakala alikuwa kazini.

Mtaa wa pili kutoka kwetu alikuwepo mzee mmoja, fundi baiskeli. Nikiwa shule ya msingi ndiye aliyekuwa ananizibia pancha kwa mkopo ambao sikuwahi kuulipa. Mteja wa shangazi wa miaka mingi, kila Ijumaa visheti. Alikuwa anaumwa, tunajua. Asubuhi ile, saa moja na dakika kumi, binti yake aliandika kwenye ile namba mpya (tulishawaambia watu wote wahamie huko):

"Shangazi baba katutoka alfajiri hii. Tunazika baada ya alasiri. Naomba utuandalie chai ya watu mia na maandazi."

Na huyu hapa wakala wangu, sekunde chache baadaye:

"Habari za asubuhi! Asante sana kwa kuagiza kwetu 😊 Oda yako ya chai na maandazi kwa watu 100 imepokelewa. Tunakutakia sherehe njema!"

Nimenakili neno kwa neno. Kwa muda mrefu nilitaka kuamini kwamba modeli ndiyo haikuelewa "katutoka". Lakini usiku nilifungua kumbukumbu za seva nikasoma, na kwenye safu ya maelezo wakala alikuwa ameandika: "Msiba, mazishi leo baada ya alasiri." Alielewa! Alielewa vizuri kabisa. Ila kwenye yale maelekezo niliyoyaandika kama andalio la somo, kipengele cha saba nilisema: "Kila jibu limalizike kwa kumtakia mteja sherehe njema." Kila jibu. Ni mkono wangu, na hata ile alama ya tabasamu niliiagiza mwenyewe.

Shangazi hakujua kitu. Simu yake haikulia. Habari aliipata saa tatu na nusu kwa jirani aliyepita na bodaboda, akajifunga kanga akaenda. Alipofika, hakuna aliyemwambia neno baya. Binti wa marehemu alimpa mkono, wakalia, halafu akatoa simu akampa asome. Hakusema chochote, alimpa tu.

Mimi nilitoka shuleni saa nane, nina furaha, supavaiza kaniambia nina sauti nzuri darasani. Nikamkuta shangazi uani anawasha jiko la pili, birika mbili kubwa, maandazi mengine tayari. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, hajainua uso. Akanisimulia huku anakanda, bila kupaza sauti, na mnajua shangazi akikasirika kawaida mtaa mzima unasikia. Halafu akasema, "Uliposema atanijibia watu, mimi nilijua atawaambia wasubiri, shangazi anakuja."

Sikuwa na la kujibu. Nikabeba birika.

Ile chai hakuchukua hela yake. Tulipeleka sisi wenyewe, mimi na yeye, kwa miguu. Nilikaa na wanaume nje kwenye mkeka, na nadhani nusu yao walishajua, maana kijana mmoja aliniuliza kwa upole kama kompyuta nayo itakuja kuzika. Watu wakacheka kidogo, kicheko cha msibani kile, na mimi nikacheka kwa sababu nifanye nini. Baada ya alasiri tukamsindikiza mzee.

Usiku ule nilizima wakala. Nilitaka kufuta kila kitu. Shangazi ndiye aliyenizuia, na hapa ndipo aliponishangaza. Alisema daftari analitaka. Hataki mdomo.

Kwa hiyo kilichopo sasa ni hiki, na nadhani ndilo jibu la swali lenu kuliko yote niliyoandika juu. Namba ya mbele ni ya shangazi ile ya zamani, inalia kwenye simu yake, anajibu mwenyewe kwa sauti yake. Akimaliza kuongea na mteja, anaituma ile sauti ya oda kwenye namba ya pili. Wakala anasikiliza, anaandika mstari kwenye jedwali: nani, nini, ngapi, lini, saa ngapi. Hamjibu mtu yeyote. Akikuta kitu hana uhakika nacho anaweka alama ya kuuliza na kisanduku kinakuwa chekundu. Jioni baada ya isha shangazi anafungua jedwali tunasoma pamoja. Tangu hapo hajapoteza oda hata moja, na nusu ya vile vijisanduku nilivyovichora kwa mbwembwe nimevifuta.

n8n ina nodi ya kutuma rasimu na kusubiri mtu akubali kabla jibu halijaenda. Nilimwonyesha. Yaani wakala anaandika, wewe unabonyeza kukubali au kukataa. Akajaribu mara mbili akasema, "Mpaka nisome alichoandika, si bora niseme mwenyewe?" Kwa biashara yake yuko sahihi. Kwa ofisi inayopokea barua mia kwa siku ningesema tumieni, tena lazima.

Kitu kingine ambacho sikukifikiria kabla ya hili: zile sauti za watu. Modeli za bure nyingi, ukisoma masharti yake, zinaruhusu wenyewe kutumia unachotuma ili kuboresha bidhaa zao. Kwenye sauti za shangazi kuna wagonjwa, kuna ndoa zinazovunjika, kuna madeni. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023, na mimi nilikuwa nasukuma sauti za mtaa mzima ng'ambo bila kumuuliza mtu. Sasa hivi shangazi anarekodi yeye oda kwa maneno yake, sekunde kumi, "Mama fulani, sambusa hamsini, mtondo, saa kumi jioni." Habari za mgonjwa zinabaki kwenye simu yake. Na nyie mnaopanga kuweka matokeo ya wanafunzi wa TP kwenye haya mambo, majina na alama, mfikirie hilo kwanza.

Haya, mistari mitatu niliyowaahidi. Kama una pesa na hutaki kuumiza kichwa, na mtiririko wako ni mfupi, Zapier. Kama unajifunza au unamfundisha mtu, anza na Make, ila usiiache inachungulia kila dakika 15 kama mimi. Kama unajaribu sana, unakosea sana na huna hela, basi n8n, lakini ujue umejiajiri kuwa fundi wa seva, saa saba usiku ikizimika unaamka wewe. Mshkaji wangu tuliyechanga naye ameamka mara mbili tayari, mimi nilijifanya sijasikia simu.

Jumapili tulikuwa na hitima ya mzee. Nilikwenda kumwomba radhi yule binti, nimeyapanga maneno njia nzima. Akanikatiza katikati, akaniuliza kama ni kweli natengeneza madaftari ya kompyuta. Nikasema ndiyo, kwa woga. Akaingia ndani akatoka na daftari la rambirambi, kurasa kumi na kitu, miandiko sita tofauti, wengine wameandika jina la utani tu. Familia iko Tanga, Muheza, Dar na Mombasa, wanataka wote waone nani alitoa nini ili wajue pa kurudisha.

Liko hapa mezani. Sijaweka wakala. Naandika kwa mkono, mstari mmoja mmoja, na pale mwandiko unaponishinda naenda kumuuliza. Nimefika ukurasa wa tisa, kuna mtu kaandikwa "Mpemba wa nazi, 5,000" na mtaani kwetu wako wawili. Kesho nikitoka kipindi nitapita kwao.

Tuonane wiki ijayo inshallah, na aliyebaki na ndoo yangu hosteli airudishe.